Shule ya Watoto 180: Inavyoendeshwa, Inavyogharamiwa na Matokeo Yake Yanavyopaswa Kusomwa

Katika mikutano ya wazazi ya shule za msingi za serikali zilizopo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Kibosho na Uru hadi Marangu, maswali mawili hujirudia. La kwanza ni kwa nini wazazi wanaombwa mchango ilhali Serikali imefuta ada. La pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya juu zaidi baada ya matokeo ya darasa la saba kutoka, ni kwa nini shule iliyofanya vizuri mwaka jana imeporomoka mwaka huu. Kwa kawaida la kwanza hujibiwa na mwenyekiti wa kamati, na la pili huachiwa mwalimu mkuu alibebe peke yake. Makala haya yanaeleza kwamba maswali yote mawili, kwa sehemu kubwa, yanatokana na jambo moja ambalo halitajwi mara nyingi katika mikutano hiyo, nalo ni udogo wa shule.

Shule nyingi za ukanda huo ni za zamani. Zilianzishwa na misheni za Kilutheri na Kikatoliki, kila mtaa wa kanisa ukitaka shule yake, kabla Serikali haijazitaifisha mwishoni mwa miaka ya 1960. Zilijengwa karibu karibu kwa sababu watoto walikuwa wengi na makorongo hayavukiki kirahisi wakati wa masika. Leo familia zina watoto wachache kuliko zamani, na vijana wengi wanaanzia maisha Arusha, Dar es Salaam au kwingineko. Mwezi wa Desemba vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye makazi, hujaa watu, lakini watoto wa Desemba hawamo katika daftari la mahudhurio.

Tuchukue mfano wa shule moja ya kufikirika, yenye watoto 180 kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, na tuilinganishe na shule ya watoto 900 iliyoko katikati ya Jiji la Arusha. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, ulikwenda sambamba na utaratibu wa kupeleka ruzuku moja kwa moja katika akaunti ya kila shule. Kiwango kilichotumika kwa shule za msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo shilingi 6,000 zilifika shuleni na 4,000 zilibaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu. Kwa hesabu hiyo shule ya mlimani hupata shilingi 1,080,000 kwa mwaka, sawa na 90,000 kwa mwezi, na ile ya mjini hupata 5,400,000, yaani 450,000 kwa mwezi.

Mtu anaweza kusema kwamba huo ndio usawa wenyewe, kwa kuwa kila mtoto amepewa kiasi kile kile. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama gharama za shule nazo zingepungua kila mtoto mmoja anapopungua. Chaki na karatasi za mitihani ya kujipima zinapungua kweli. Hata hivyo, paa linalovuja halijui lina watoto wangapi chini yake, uzio ni ule ule, na taarifa za mwezi zinazotakiwa na halmashauri zina kurasa zile zile kwa shule zote mbili. Mwalimu mkuu wa shule ndogo akishalipa ankara ya maji, akanunua umeme wa LUKU na kugharamia nauli za kwenda ofisi ya elimu, kinachosalia katika zile 90,000 hakitoshi kubadilisha kitasa na kununua bati mbili katika mwezi mmoja. Hapo ndipo mchango wa wazazi unapoingia, na ndiyo maana mzazi wa shule ndogo anaweza kuombwa zaidi kuliko mzazi wa shule kubwa, ingawa wote wanaambiwa kwa lugha moja kwamba elimu ni bila ada.

Inafaa pia kukumbuka umri wa kiwango chenyewe. Katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, ruzuku ilipangwa kuwa dola 10 za Marekani kwa mwanafunzi, wakati dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,000. Shilingi 10,000 za mwaka 2016 zilikuwa, kwa tarakimu, zile zile za mwaka 2002. Kwa thamani hazikuwa hata nusu yake.

Jambo linalotuvutia sisi tunaofuatilia uendeshaji wa shule ni kwamba Serikali yenyewe imekwisha kukubali, katika kipengele kimoja, kuwa shule ina gharama zisizotegemea idadi ya watoto. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, iliyowekwa kuwa shilingi 200,000 kwa mwezi, hailipwi kwa kuhesabu wanafunzi, kwa sababu ilionekana, na kwa haki kabisa, kwamba kuongoza shule ni kuongoza shule. Kwa mwaka posho hiyo ni shilingi 2,400,000, zaidi ya mara mbili ya ruzuku yote inayofika katika shule ya mfano wetu. Hatusemi posho ni kubwa mno. Tunachosema ni kwamba mantiki iliyotumika kwa posho haikutumika kwa paa. Majirani zetu wa Uganda, katika mpango wao wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza mwaka 1997, hugawa ruzuku kwa sehemu mbili: kiasi maalumu ambacho kila shule hupata hata ikiwa ndogo, na kiasi kingine kinachofuata idadi ya wanafunzi. Kwa maoni yangu, marekebisho ya namna hiyo yangezisaidia shule za Siha, Rombo na Moshi Vijijini kuliko harambee kumi.

Wengine hupendekeza halmashauri zijaze pengo kwa mapato ya ndani, na baadhi hutoa mfano wa Marekani, ambako katika majimbo mengi wilaya ya shule ina bodi iliyochaguliwa na wananchi na hupata sehemu ya fedha zake kutokana na kodi ya majengo ya eneo husika. Mfano huo una somo, ila si lile linalokusudiwa, kwani penye nyumba za thamani kubwa shule hupata nyingi na penye umaskini hupata chache, na mahakama za huko zimekuwa zikisikiliza mashauri kuhusu tofauti hizo tangu miaka ya 1970. Kwetu pia, Jiji la Arusha lenye hoteli na biashara nyingi linakusanya ushuru wa huduma na leseni kwa kiasi ambacho Halmashauri ya Longido haiwezi kukiota.

Sasa tuangalie nani ana mamlaka gani, kwa sababu lawama nyingi huelekezwa mlango usio wake. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia husimamia sera, mitaala na uthibiti ubora wa shule. Uendeshaji wa shule za serikali uko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kupitia halmashauri, ambako mkurugenzi ndiye mwajiri na madiwani hujadili taarifa za elimu katika kamati yao ya kudumu. Nidhamu na masuala ya kiutumishi ya walimu yana chombo chake, Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Kamati ya shule, ambayo msingi wake ni Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ina wawakilishi wa wazazi na walimu, na mwalimu mkuu ndiye katibu. Kamati hiyo hupitisha mpango na bajeti ya shule na kupokea taarifa ya mapato na matumizi. Fedha za kujenga madarasa zinapofika kwa utaratibu wa force akaunti, yaani kujenga kwa kutumia mafundi badala ya mkandarasi, jamii ya shule huunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, na fundi wa kijijini hufanya kazi mbele ya macho ya wazazi. Lakini kamati haiajiri mwalimu na haimhamishi. Inaweza kuandika barua tu.

Barua hiyo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Kiwango cha Serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa watoto 180 kiwango hicho kinatoa walimu wanne. Shule hiyo, hata hivyo, ina madarasa saba, bila kuhesabu darasa la awali, na kila darasa lina ratiba yake ya masomo. Afisa anayetazama jedwali la halmashauri ataona kwamba shule haina upungufu, na pengine, ikiwa na walimu sita, ataona ina ziada na kuhamisha wawili. Wakati huohuo, pale shuleni darasa la tatu linanakili zoezi ubaoni huku mwalimu wake akiwa darasa la tano. Kamati inayotaka kusikilizwa isiandike kwamba walimu hawatoshi, kwa maana jedwali litaikanusha. Iandike idadi ya vipindi kwa wiki, idadi ya vipindi ambavyo kila mwalimu anafundisha, na vile vinavyobaki bila mwalimu.

Kuunganisha shule mbili ndogo ni njia nyingine, na mahali pengine ni njia nzuri. Ramani inaweza kuonyesha kilomita moja na nusu kati ya shule mbili, lakini kama kati yake kuna korongo, mtoto wa darasa la kwanza atazunguka mara mbili ya umbali huo, na wakati wa mvua kubwa hatakwenda kabisa. Palipo na hali hiyo, afadhali shule ya juu ibaki kuwa shule shikizi, yaani tawi la shule mama, ya watoto wadogo, na wale wakubwa washuke.

Kuhusu matokeo, udogo huleta udanganyifu wa aina yake. Darasa la saba la shule yetu lina watahiniwa 25. Wawili wakiugua, au familia zao zikihama katikati ya mwaka na masomo yao yakavurugika, kiwango cha ufaulu hushuka kwa asilimia 8 papo hapo. Katika shule ya mjini yenye watahiniwa 128, watoto wawili ni asilimia 1.6 tu. Mwaka 2023 ufaulu wa kitaifa wa darasa la saba, yaani waliopata daraja A hadi C, ulikuwa asilimia 80.58, na shule ya watahiniwa 25 inaweza kuwa juu ya wastani huo mwaka mmoja na chini yake mwaka unaofuata pasipo mwalimu yeyote kubadili ufundishaji wake. Baraza la Mitihani, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutaja shule kumi bora. Lingekuwa jambo jema mikutano ya wazazi nayo ikaacha kulinganisha mwaka mmoja na mwingine, ikajumlisha watahiniwa wa miaka mitatu au minne, kisha ikaangalia somo kwa somo. Hisabati ikiwa chini miaka yote minne, hilo si bahati mbaya. Matokeo ya darasa la nne na upimaji wa kusoma, kuandika na kuhesabu katika darasa la pili yanastahili kusomwa kwanza, kwani mtoto asiyesoma kwa ufasaha akiwa na miaka minane hatasaidiwa na kambi ya mwezi mmoja kabla ya mtihani.

Mchango wa chakula ni suala pekee ambalo mkutano wa wazazi unaweza kuliamua na kuliona likileta tofauti ndani ya muhula huohuo. Mchango huo ni wa hiari, na mtoto hafukuzwi wala hanyimwi kipindi kwa sababu mzazi hajaleta mahindi na maharage. Inasaidia mapokezi yakiandikwa na mzazi aliyechaguliwa badala ya mwalimu, na karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na taarifa ya ruzuku ya robo mwaka. Penye sufuria ya makande mahudhurio ya mchana huonekana, na hilo kila mwalimu wa mlimani atakwambia.

Mabadiliko ya mtaala yanaipa hesabu hii uzito mpya. Chini ya Sera ya Elimu toleo la 2023, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watahitimu pamoja. Shule ya watoto 180 itakapobaki na madarasa sita itakuwa na watoto kama 155, kwa ruzuku ya shilingi 930,000 kwa mwaka kwa kiwango kile cha 6,000, na kwa uwiano wa 45 itastahili walimu watatu na nusu. Halmashauri huandaa bajeti za mwaka unaofuata miezi mingi kabla ya Julai, na kamati inayotaka hesabu hiyo ya vipindi iingie katika ikama, yaani idadi ya walimu inayopangiwa shule, inapaswa kuiwasilisha kwa afisa elimu kata kabla jedwali halijafungwa.