Mafaili yako yapewe chumba chake

Wanaoleta kompyuta kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hapa Tanga wengi huja na ombi moja: "Nipigie Linux upya, ila picha zangu zisipotee." Tukiifungua diski tunakuta patisheni moja tu, yaani diski haikugawanywa vyumba: Linux yenyewe, ambayo ndiyo mfumo unaoendesha kompyuta, na picha za harusi vimelala kitanda kimoja. Hapo hakuna ujanja, ni kunakili kwanza. GB 300 kupitia USB 2 ni zaidi ya saa mbili, na mwenye kompyuta amekaa benchi anatutazama.

Kwenye Linux vitu vyako binafsi hukaa ndani ya /home, na folda hiyo inaweza kupewa patisheni yake. Kwa diski ya GB 500, mimi huupa mfumo (/) GB 50 hivi, EFI (patisheni ndogo ya kuwashia kompyuta) GB 1, na zote zinazobaki naziachia /home. Usiubane mfumo. Nimeona watu wakiupa GB 15, na baada ya masasisho kadhaa unajaa na mashine inaanza kugoma.

Siku ya kusimika upya, chagua kugawa diski kwa mkono. Patisheni ya / ifomatiwe, yaani ifutwe yote. Ile ya zamani ya /home ielekeze palepale /home, lakini kisanduku cha kufomati usikiguse. Kisanduku hicho kidogo ndicho kinacholiza watu. Tumia pia jina lilelile la mtumiaji. Kama nyumbani mlikuwa wawili, fungueni akaunti kwa mpangilio uleule wa awali, kwa sababu Linux humtambua mwenye faili kwa namba: wa kwanza kwa kawaida ni 1000, anayefuata 1001. Mkipishana, dada atakuta mafaili yake yanahesabiwa kuwa ya kaka.

Hata hivyo, patisheni mbili bado ni diski moja. Ikidondoka kutoka kwenye bodaboda pale Ngamiani, vyumba vyote vimekwenda. Nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje, tena ikiwezekana ikae nyumba nyingine.

Na kama tayari una patisheni moja iliyojaa vitu, inapunguzwa kwa GParted, programu ya kugawa diski, baada ya kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, maana ext4 (mpangilio wa faili ambao Linux nyingi hutumia) haipunguzwi ikiwa inatumika. Nakili vitu vyako kwanza, betri iwe imejaa na chaja imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), usishangae ukikuta diski haisomeki.