Mtoko wa gesi wa nyota inayozaliwa: hali yake hupimwaje?

Nyota inayozaliwa haimezi gesi yote inayoiangukia. Sehemu yake huirusha nje kwa kasi, pande mbili zilizopeana migongo. Huo ndio mtoko wa gesi. Kupima hali yake ni kutafuta hasa joto, msongamano (chembe ngapi zimo katika sentimita moja ya ujazo) na kasi.

Sasa nani atapeleka kipimajoto HH 211, mtoko ulioko upande wa kundinyota la Perseus, miaka ya nuru 1000 hivi kutoka hapa? Kinachotufikia ni mawimbi tu. Tena hidrojeni, ambayo ndiyo karibu gesi yote, ikiwa baridi haitoi mawimbi ya maana. Wanaastronomia huifuata kupitia mwenzake, monoksidi ya kaboni. Ndiyo, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa. Huko ni kama molekuli moja tu kwa kila 10,000 za hidrojeni, lakini inasikika.

Molekuli hiyo huzunguka kwa ngazi za nishati. Ikishuka kutoka ngazi ya kwanza hadi chini kabisa hutoa wimbi la gigahezi 115. Kutoka ya sita hadi ya tano, gigahezi 691. Kuifikisha ngazi ya kwanza kunataka nishati inayolingana na joto la kelvini 5.5 tu (kelvini huhesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa), ila ya sita ni kelvini 116, ambazo kwetu bado ni nyuzi 157 chini ya sifuri. Gesi baridi itasikika kwenye 115 na kukaa kimya kwenye 691. Wimbi moja peke yake halisemi kitu: likiwa hafifu, huenda gesi ni baridi, huenda ni chache tu. Joto hujulikana kwa kulinganisha mawili.

Mtego upo. Gesi ikiwa nene, mawimbi ya nyuma humezwa na gesi ya mbele, nasi tunaona ngozi ya juu tu. Hapo hutumika molekuli zenye kaboni-13 (aina nzito ya kaboni), ambazo ni adimu na hazizibani.

Msongamano nao, mahali gesi inapogongana na kung'aa, husomwa kwenye mistari miwili myekundu ya salfa, yaani rangi mbili mahususi za nuru yake, nanomita 671.6 na 673.1. Nishati zake karibu ni sawa, kwa hiyo joto haliuvurugi sana uwiano wake. Kinachoubadilisha ni msongamano.

Kasi ndiyo hudanganya zaidi. Athari ya Doppler, yaani wimbi kubadilika kwa sababu chanzo chake kinasogea, huonyesha mwendo wa kuja kwetu au kutukimbia tu, na HH 211 imelala karibu ubavu kwetu. Dawa ni kulinganisha picha za miaka tofauti, kuona gesi imesogea kiasi gani. Darubini ya James Webb, katika picha iliyotolewa 2023, ilisaidia kupata kilomita 80 hadi 100 kwa sekunde kwa sehemu za ndani kabisa. Lakini gesi hiyo inaigonga gesi nyingine ambayo nayo inakwenda upande uleule, kwa hiyo kishindo ni kidogo kuliko kasi yenyewe, na molekuli nyingi hazivunjiki.