Eti miungu wa Shinto hawana maadili? Tunachokosea tukiangalia anime

Kila nikimshawishi mtu aangalie Noragami (anime, yaani katuni ya Kijapani, ya studio ya Bones, sizoni ya kwanza 2014, ya pili 2015) narudishiwa maneno yaleyale, miungu wa mle, waliotoka kwenye Shinto, dini ya jadi ya Japani, ni wauaji, waongo, mungu gani huyu anavaa traksuti na kufanya vibarua kwa yeni 5. Naipenda mno hii hadithi, kwa hiyo ngoja nijibu.

Wanasema: mungu lazima awe mwema.

Tatizo linaanzia kwenye neno letu. Kijapani wanasema kami, sisi tukisema "mungu" tu tayari kichwani kashaingia Mwenyezi, muumba, mtoa amri. Kami siyo hivyo. Mwanazuoni Motoori Norinaga, aliyefariki 1801, alieleza kwamba kami ni chochote chenye uwezo usio wa kawaida unaotia hofu, awe mtu, mnyama, mti, bahari au mlima, na wapo wema na wapo wabaya. Na ile yeni 5 haikuokotwa hovyo, inatamkwa go-en, sawasawa na neno lao la uhusiano au majaliwa ya kukutana, ndo maana watu huitupia sarafu hiyo kwenye sanduku la sadaka.

Wanasema: basi kami anajifanyia atakalo, hamna wa kumuuliza.

Kwenye Noragami kweli wanasema afanyalo mungu ndilo sahihi. Ila fungua Kojiki, kitabu cha visa vya miungu wa Japani cha mwaka 712: kami Susanoo anabomoa matuta ya mashamba ya mpunga ya dada yake Amaterasu, kami wa jua, anatupa farasi aliyechunwa ndani ya nyumba ya kufumia, dada anajificha pangoni na dunia inaingia giza. Miungu wenzake wakakaa kikao, wakamtoza Susanoo faini, wakamkata ndevu na kucha, wakamfukuza. Hiyo siyo kuulizwa?

Wanasema: watumishi wa miungu, wale shinki, ni silaha tu.

Hapa ndo roho ya hadithi yenyewe ilipo, na hapa ndo watu wanapita haraka!! Shinki ni roho ya mtu aliyekufa, mungu kampa jina, na kwa sababu alikuwa binadamu yeye ndo anayejua jema na baya, mungu hajui. Yukine, shinki mtoto, akiiba, anayechomwa mwilini ni bwana wake Yato, yule mungu wa traksuti, madoa ya zambarau yanamtambaa kuanzia shingoni, na Yato anavumilia wee mpaka anaanguka, hamtupi yule mtoto. Kwenye misogi, ile ibada ya kumtakasa, shinki watatu wanamzungushia Yukine kizuizi, anapiga kelele, mwili unaanza kugeuka zimwi, na hakuna anayeweza kumsafisha mpaka ataje kwa mdomo wake alichofanya. Mi nililia pale, nasema ukweli. Mtumishi ndo dhamiri ya bwana wake, na bwana ndo anayebeba maumivu.

Wanasema: misogi ni toba ya dhambi.

Kwenye anime imechanganywa na kukiri, lakini asili yake ni kuondoa kegare, yaani unajisi, na Mswahili hili halimpi shida maana anajua kugusa maiti siyo dhambi lakini kuna kuoga. Kami Izanagi alipotoka kuzimu alikokwenda kumfuata mkewe alijiosha mtoni hivyohivyo, na aliponawa jicho la kushoto ndo akazaliwa Amaterasu.

Wanasema: mbweha ndo Inari, kami wa mpunga. Hapana, mbweha ni mjumbe wake. Pale Fushimi Inari, Kyoto, sanamu nyingine za mbweha zimeng'ata ufunguo, ufunguo wa ghala la mpunga.

La mwisho wanasema: kami mbaya ni mbaya milele. Hapana, Tenjin, kami wa elimu aliyemo kwenye Noragami, alikuwa mtu kweli, Sugawara no Michizane, ofisa msomi aliyesingiziwa akahamishwa mbali akafia huko mwaka 903. Radi ilipopiga ikulu 930 watu wakasema ni hasira yake, wakamjengea hekalu wamtulize. Leo wanafunzi wa Japani wanakwenda kwake kabla ya mtihani, wanaandika kwenye kibao cha mbao jina la shule wanayoitaka, wanakitundika, wanarudi nyumbani kusoma.