Kisukari, rovu na karuho: maswali ya wanafunzi wa udaktari Bukavu

Wanafunzi wanaoanza zamu ya magonjwa ya ndani hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huja na daftari lililojaa majina ya homoni, kisha mgonjwa wa kwanza anawachanganya. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza zaidi.

Daktari, magonjwa ya homoni ni mengi. Tuanzie wapi?

Anzeni na jina ambalo familia imeshaupa ugonjwa. Hakuna mgonjwa anayekuja akisema "tezi yangu imeharibika". Anakuja na malaria isiyoisha, na uzee, au na karuho. Huku kwetu mtu akikonda miezi miwili na bado anakula vizuri, jirani atasema amelishwa karuho, ile sumu ya polepole, na ndugu zake watampeleka kwa mganga wa kienyeji apewe dawa ya kutapika. Msiwadharau. Mtu wao kweli anakwisha mbele ya macho yao.

Ninyi ulizeni: usiku anaamka kukojoa mara ngapi? Ana kiu? Moyo unamwenda mbio akiwa ameketi? Anatoka jasho wakati wenzake wamevaa koti? Baada ya kufikiria kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, mtu anayekonda huku anakula ana magonjwa mawili ya homoni ya kutafutwa mapema: kisukari, na tezi ya shingo, yaani tiroidi, inayotoa homoni kupita kiasi. Kisukari kinajulikana kwa tone moja la damu ya kidole. Inaniuma kuona tone hilo likichukuliwa baada ya wiki tatu za kutapishwa.

Ni namba zipi zinazothibitisha kisukari?

Sukari ya damu ya mshipa ya mg 126 kwa desilita au zaidi, mgonjwa akiwa hajala kwa saa 8. Au 200 na zaidi saa yoyote kama ana dalili. Au 200 saa 2 baada ya kunywa glukosi gramu 75. Au HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, ya asilimia 6.5 na kuendelea. Asiye na dalili apimwe tena siku nyingine kabla hamjamwandikia ugonjwa wa maisha. HbA1c msiiamini kwa mwenye selimundu, mwenye upungufu mkubwa wa damu au aliyeongezewa damu juzi.

Halafu msikimbilie kusema "mnene ni aina ya 2, mwembamba ni aina ya 1". Tunao vijana wembamba waliokulia kwenye njaa na vita, ambao kisukari chao hakifanani na aina hizo mbili. Mwezi Aprili 2025, katika mkutano wake Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali jina la aina ya 5 kwa kisukari kinachotokana na utapiamlo. Jina lolote mtakalochagua, kijana mwenye ketoni (asidi zinazotoka kwenye mafuta yanayochomwa mwili ukikosa insulini) na sukari ya juu anahitaji insulini leo. Mjadala wa aina unaweza kungoja.

Kwa nini mgonjwa wa ketoasidozi, yaani damu iliyogeuka asidi kwa ketoni, anatuponyoka?

Kwa sababu anatapika, tumbo linamuuma, ana unyonge, na kipimo cha malaria pengine kimetoka chanya. Malaria haifuti kisukari. Mara nyingi ndiyo iliyokichokoza. Angalieni anavyopumua: kwa kina, haraka, bila kupumzika, na mapafu ni safi. Pimeni sukari na ketoni za mkojo. Kwa mtu mzima anzeni na maji ya chumvi ya asilimia 0.9, karibu lita moja saa ya kwanza, kisha insulini ya kawaida uniti 0.1 kwa kila kilo kwa saa. Potasiamu ya damu ikiwa chini ya mmol 3.5 kwa lita, irudisheni kwanza kabla ya insulini, la sivyo moyo unaweza kusimama mikononi mwenu.

Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, linatoka wapi, na kwa nini Kivu?

Udongo wa milima yetu umesombwa iodini na mvua, na bahari iko mbali. Lakini Idjwi, kisiwa kilicho ziwani mbele yetu, kilifundisha dunia jambo jingine. Miaka ya 1960 Mbelgiji François Delange na wenzake walikuta kaskazini mwa kisiwa rovu limeenea sana, na kusini-magharibi ni kidogo, ingawa upungufu wa iodini ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa muhogo. Muhogo usiolowekwa vizuri unabaki na sianidi, mwili unaigeuza kuwa tiosianati, nayo inaizuia tezi kunasa iodini. Mama anayeloweka muhogo siku tatu anafanya kazi ya daktari.

Chumvi yenye iodini ilibadilisha mengi, ila nayo ina somo lake. Mwaka 1996 iliripotiwa kutoka Kivu kwamba baadhi ya watu wenye rovu la vinundu walipata ongezeko la homoni baada ya iodini kuingia. Kwa hiyo bibi mwenye rovu la zamani ambaye sasa moyo unadunda ovyo, mpimeni TSH, homoni ya kutoka kichwani inayoiamuru tezi ya shingo, kabla ya kumpa dawa za moyo tu.

TSH ikija, tufanye nini?

Ikiwa juu na T4 huru, homoni ya tezi yenyewe, iko chini, tezi imelala: levotiroksini, takriban mikrogramu 1.6 kwa kilo kwa siku, asubuhi kabla ya kula. Mzee au mwenye moyo mbovu aanze na mikrogramu 12.5 hadi 25 kwa siku. Pimeni tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Ikiwa chini na T4 iko juu, macho yametoka, huyo ana ugonjwa wa Basedow: karbimazoli ya kupunguza homoni za tezi, na propranololi kwa mtetemo kama hana pumu. Hapa nawasihi. Karbimazoli inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu ghafla. Mgonjwa wake akipata homa na koo kuuma, huku kwetu atapewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani, na anaweza kufa. Mwambieni yeye na ndugu zake: homa ikija, acha kidonge, njoo uhesabiwe chembe siku hiyohiyo.

Na tezi za juu ya figo?

Ulizeni kuhusu krimu za kujichubua na deksametazoni ya "kunenepesha": steroidi zilizomo huzilaza tezi hizo. Uso wa mviringo, michirizi myekundu tumboni, kisha amezikatisha na shinikizo la damu limeporomoka: hidrokotisoni mg 100 kwenye mshipa bila kusubiri labo.

Umeme unakatika kila siku. Mgonjwa ahifadhi wapi insulini?

Chupa inayotumika inakaa wiki 4 bila friji, mbali na jua na jiko. Zile ambazo hazijafunguliwa ziwekwe kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, kati yake mchanga unaolowanishwa asubuhi na jioni, kimefunikwa kitambaa chenye maji. Mchoreeni kwenye karatasi kabla hajatoka wodini.