Livri: rangi ya gari la mashindano yenye tarehe yake

Matatu ya Mombasa hupakwa anachotaka mwenyewe: leo Arsenal, kesho uso wa msanii, mradi abiria wageuze shingo. Livri ni kinyume chake. Ni mpangilio mzima wa rangi, mistari, nambari, majina na nembo za wadhamini uliovaliwa na gari fulani la mashindano, na anayeurudisha kwenye gari la zamani hana ruhusa ya kubuni.

Zamani rangi ilitaja nchi: Waitaliano nyekundu, Wafaransa bluu, Waingereza kijani. Kisha zikaja pesa za wadhamini. Mwaka 1968 Lotus ya Formula One ikageuka pakiti ya sigara, nyekundu, nyeupe na dhahabu. Tangu hapo mkataba ukibadilika, gari nalo hubadili nguo.

Ndiyo maana fundi mjuzi haulizi tu, "Lancia ya Martini ilikuwaje?", yaani gari la Kiitaliano lililovaa rangi za mdhamini wake, kinywaji cha Martini. Huuliza gari lipi, mashindano yapi, mwaka gani. Lancia Delta ya Safari Rally ilifungwa vyuma vya kukinga mbele, ambavyo ile ya mbio za Monte Carlo kule Ulaya haikuvihitaji. Ukinakili picha ya Monte Carlo umeshapotea.

Nililiona hili kwenye gereji moja Shimanzi, Mombasa. Jamaa alikuwa akitengeneza nakala ya Datsun 240Z, aina aliyoshindia dereva Shekhar Mehta Safari Rally ya 1973: bodi nyekundu, boneti nyeusi. Fundi akapiga msasa, akapiga rangi, akamalizia kwa kliya, ile rangi angavu ya juu isiyo na rangi, hadi boneti ikang'aa kama sufuria mpya. Mzee aliyekaa kando na kikombe chake cha kahawa akatikisa kichwa: "Hapo umeharibu, mwanangu. Nyeusi hiyo haing'ai." Na kweli haikung'aa. Ilikuwa nyeusi kavu makusudi, jua lisigonge boneti likamrudia dereva machoni. Msasa ukarudi kazini.

Shahidi mkuu wa kazi hii ni picha, na shahidi huyu husema uongo. Picha za rangi za miaka ya 1970 nyingi zimepauka zikaelekea wekundu, na zipo filamu za kale za nyeusi na nyeupe zilizoufanya wekundu uonekane kama weusi. Gari likiwa ni lenyewe halisi, ni afadhali kukwangua pembe iliyofichika, nyuma ya dashibodi au chini ya raba ya mlango, ukafuata tabaka za rangi hadi ile ya zamani.

Herufi nazo zina umri. Kabla ya stika za kukatwa kwa mashine, nyingi ziliandikwa kwa brashi, na mkono huacha alama zake. Kwangu mimi, maandishi yaliyonyooka mno kwenye gari la 1965 yanachekesha kuliko rangi iliyokosewa kidogo.

Kukarabati ni kulirudisha gari lenyewe. Nakala ni gari jingine lililovalishwa. Nakala si dhambi. Kwenye East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani zilizoanza 2003 na ambazo mara kadhaa zimeondokea Mombasa, gari lenye rangi za enzi zile hufurahisha watu hata kama si lile lililoshinda. Dhambi ni kulibandika nambari ya usajili ya lile halisi, kisha kuliuza kwa bei yake.

Datsun ya Shimanzi ilitoka na nambari zake yenyewe. Ndani ya boneti, kwa brashi nyembamba, fundi ameandika mwaka alioipaka.