Mtaji si hela uliyoanza nayo

Jumapili iliyopita kwenye kikao cha kikundi chetu, kijana mwenye duka la rejareja alisimama kueleza kwa nini anaomba mkopo. "Mtaji wangu ni laki nane," akasema. Nikamuuliza duka alilifungua lini. Mwaka jana, mwezi wa tatu. Na hiyo laki nane ameihesabu lini? Akanitazama kama nimemuuliza mwaka aliozaliwa bibi yake. "Si ndiyo niliyoanza nayo, mama?"

Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno, na safari hii nimeshindwa kulimeza. Maana yenyewe ni fupi: mtaji wako ni thamani ya vilivyo vyako ndani ya biashara leo, ukishatoa madeni unayodaiwa. Wahasibu wana maelezo marefu zaidi, tuwaachie. Neno la kushika hapo ni "leo".

Mimi nalaumu kidogo historia ya lugha. Zamani watu wa pwani walikuwa na neno zuri kuliko mtaji, nalo ni rasilimali. Siku hizi tumelipeleka ofisini: rasilimali watu, rasilimali za bahari, rasilimali za taifa. Lakini asili yake ni Kiarabu, ras al-mal, yaani kichwa cha mali. Ras hiyo ndiyo ya Ras Nungwi, ncha ya Unguja inayotangulia baharini. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 279, wanaoacha riba wanaambiwa watabaki na vichwa vya mali zao, na hapo kinachokusudiwa ni kile walichokitoa, bila nyongeza. Walatini nao walipita njia hiyohiyo: caput ni kichwa, na humo limetoka neno la Kiingereza capital. Hata cattle, ng'ombe wa Waingereza, ametokea ukoo huo. Msukuma hawezi kulishangaa hilo.

Wafanyabiashara walilitumia neno hilo, ras al-mal, kwa ukali. Katika mudharaba, yaani ushirika wa biashara wa Kiislamu, mmoja anatoa mali, mwingine anatoa jasho lake, anasafiri na kuuza. Akirudi hawagawani chochote kwanza. Wanatoa ras al-mal, wanairudisha ikiwa kamili, na kinachobaki ndicho kinachoitwa faida. Kama kichwa hakijatimia, faida hakuna, hata kama msafiri amerudi na mfuko uliojaa noti.

Kwao hela ya kuanzia ilikuwa kipimo cha kuhesabia mwisho wa safari. Sisi tumebaki na "mtaji", na tumeufanya kuwa kumbukumbu ya siku ya ufunguzi, kama picha ya harusi ukutani. Ukiisha tunasema "mtaji umekata", utadhani ni umeme. Wanaosema "amekula mtaji" wako karibu zaidi na ukweli, maana angalau hapo kuna mtu na kuna mdomo.

Baada ya kikao tulikwenda dukani kwake na daftari. Alianza kuhesabu bidhaa za rafuni kwa bei anayouzia, nikamsimamisha. Faida ya sukari ambayo haijanunuliwa bado ni ndoto, hesabu kwa bei uliyonunulia. Ikaja 410,000. Kwenye droo 65,000. Floti ya uwakala, yaani salio la pesa kwenye simu, 90,000. Wanaodaiwa, majina kumi na moja kwenye daftari la mkopo, 120,000, ingawa wawili kati yao nawafahamu na nisingeiweka hiyo hesabu kwa moyo mmoja. Jumla 685,000. Kisha akanong'ona kwamba muuzaji wa jumla anamdai 150,000. Basi mtaji wake ni 535,000.

Akanyamaza. Laki mbili na elfu sitini na tano zimekwenda wapi, na duka lina wateja kila jioni? Wezi hawakuingia. Mkewe alipita pale tukiwa tunahesabu, akachukua unga kilo mbili na mafuta ya kula. "Nimechukua kwangu," akasema, na hakukosea, ni kwao kweli. Ila hakuna aliyeandika. Ongeza mchango wa harusi ya mwezi wa nane na ada ya mtoto iliyotoka kwenye droo siku ya mauzo mazuri, siku ambayo kijana aliita mauzo yote "faida".

Floti inalionyesha jambo hili vizuri kuliko rafu. Wakala mwenye laki tano anaamka nayo yote kwenye simu, mchana laki tatu zimegeuka noti, jioni zimerudi. Mteja akiweka au akitoa, floti na fedha taslimu zinapishana tu, jumla ni ileile. Kilicho chake ni kamisheni. Wakala akinunulia chakula zile noti za mchana, kesho mteja anakuja kutoa laki moja anaambiwa "sina hela".

Kuhusu mkopo wenyewe, alikuwa anautazamia ule wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, na simkatazi. Ila mkopo wa laki tano ukiingia dukani, bidhaa zinaongezeka kwa laki tano na deni linaongezeka kwa laki tano. Mtaji wake utabaki 535,000 hadi duka lenyewe lizalishe cha ziada na kiachwe humohumo. Rafu zitajaa, ndiyo, na mtu asiyejua atamwambia hongera, umekua.

Kwa hiyo, mwanangu, "nilianza na laki nane" ni sahihi kabisa, endelea kuisema. "Mtaji wangu ni laki nane" iache kwanza. Mwisho wa mwezi hesabu tena, kwa bei ya kununulia, ukianza na wale kumi na moja wa kwenye daftari.