Kanuni ya Dhahabu: Kabla ya Kuuliza Ni ya Nani, Isome Ilipoandikwa

Tangu vipeperushi vya kampeni ya ujirani mwema vianze kusambazwa mashuleni, dawati letu la maudhui ya maadili limekuwa likipokea malalamiko mengi, na karibu yote yanahusu ukurasa mmoja: ule unaoweka pamoja maneno ya Biblia, Hadithi za Mtume (s.a.w.), Talmudi (kitabu cha mafundisho ya marabi wa Kiyahudi), Confucius wa China na wanafalsafa kuhusu Kanuni ya Dhahabu, yaani kumtendea mwenzako kama unavyotaka kutendewa. Wapo wanaotaka tuandike wazi kwamba kanuni hii ilianza na Ukristo. Wengine wanasema imechukuliwa kwa Waislamu bila kukiri. Wengine hawataki kabisa hoja isiyotoka kwenye dini imfikie mtoto wao. Tunaamini wote wameandika kwa nia njema, ndiyo maana tunajibu hadharani.

Tuanze na tarehe, maana ndizo zinazogombaniwa. Confucius alifariki mwaka 479 KK. Katika kitabu cha mazungumzo yake, mwanafunzi wake Zigong anamuuliza kama lipo neno moja la kumwongoza mtu maisha yake yote. Anajibiwa kwamba lipo, nalo ni kujiweka mahali pa mwenzako: usilotaka kufanyiwa, usimfanyie mwingine. Wanaonukuu huishia hapo. Kitabu hichohicho, mahali pengine, kinamwonyesha Zigong akijinasibu kwamba yeye hapendi kuwafanyia watu asichopenda kufanyiwa, na mwalimu wake anamwambia kuwa daraja hilo bado hajalifikia. Ndiyo sehemu ambayo tungetamani walimu waisome darasani.

Karne ya nne KK, Isocrates wa Athens aliandika hotuba kwa niaba ya Nicocles, mfalme wa Salamis kisiwani Kupro, akiwaambia raia wasiwatendee wengine mambo yanayowakasirisha wao wenyewe wanapotendewa. Mahabharata ya Wahindu inalo agizo kama hilo. Dhammapada ya Wabuddha inasema wote hutetemeka mbele ya fimbo na wote huogopa kifo, basi mtu ajilinganishe na wengine, asiue wala asisababishe kuua. Hakuna ushahidi kwamba Isocrates alimsoma Confucius. Maandishi mawili kufanana hakutoshi kuthibitisha kwamba moja limetolewa kwenye jingine, na tunaomba hoja ya “nani kamwibia nani” isiletwe tena bila ushahidi wa maandishi.

Kwa Wayahudi mlolongo unafuatika vizuri zaidi. Walawi 19:18 inaagiza kumpenda jirani kama nafsi yako, na aya ya 34 ya sura hiyohiyo inamtaja mgeni, kwa kuwa Waisraeli nao walikuwa wageni Misri. Tobiti 4:15 inakataza kumtendea mtu jambo unalolichukia. Tumeulizwa mara nyingi mno kitabu hicho tumekitoa wapi: kimo katika Biblia ya Wakatoliki na ya Waorthodoksi. Kisha kuna kisa cha Talmudi, katika Shabbat 31a. Mtu asiye Myahudi alimwendea Shammai, mwalimu wa Torati, akitaka afundishwe Torati yote akiwa amesimama kwa mguu mmoja, akafukuzwa kwa fimbo ya kupimia ya mjenzi. Akamwendea Hillel, aliyekuwa mwalimu mashuhuri kizazi kimoja hivi kabla ya mahubiri ya Yesu. Hillel alimjibu: linalokuchukiza usimtendee mwenzako, hiyo ndiyo Torati yote, mengine ni ufafanuzi wake, nenda ukajifunze. Agizo la kwenda kujifunza ni sehemu ya jibu. Lisikatwe.

Sasa Mathayo 7:12, kwa tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iitwayo Union: “Basi yo yote myatakayo mtendewe na watu, nanyi watendeeni vivyo hivyo, maana hiyo ndiyo torati na manabii.” Yesu mwenyewe anasema anajumlisha yaliyokwisha kuandikwa. Anayedai kanuni ilianzia hapo hajaimaliza aya. Uzito wa maneno haya uko kwingine: hayatosheki na kujizuia kudhuru, yanamtaka mtu atoke akatende.

Baadhi ya wahubiri wametuandikia kwamba umbo hilo la kutenda halipatikani nje ya Ukristo. Si kweli. Hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik, iliyomo katika vitabu vya Hadithi vya Bukhari na Muslim na ambayo ni ya 13 katika mkusanyo wa Hadithi Arubaini wa Imam Nawawi, inasema haamini mmoja wenu mpaka ampendelee nduguye analolipendelea kwa nafsi yake. Nayo inadai kupenda, jambo zito kuliko kutodhuru. Mapokezi ya Muslim yana nafasi ya kusoma “jirani yake” badala ya “nduguye”, na wanazuoni wamejadili sana upana wa undugu huo. Dawati hili halitoi fatwa; mwenye swali awaone masheikh wake.

Kuhusu hoja zisizotegemea dini, tunashangaa kwamba jambo hili linahitaji kutetewa mbele ya watu waliolelewa na methali ya “mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu”. Haina sura wala aya, na kila mtu anaielewa. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, alieleza kwamba maadili ya Waakan, watu wa nchi hiyo, yamejengwa juu ya ustawi wa binadamu, na kwamba kujiweka mahali pa mwenzako bila upendeleo ni msingi wa maadili popote penye jamii. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, mwaka 1861, aliona roho nzima ya falsafa yake katika kanuni ya Yesu. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alikuwa mkali zaidi: mwaka 1785 aliandika kwamba msemo huu peke yake hautoshi, kwa sababu mhalifu angeweza kumwambia hakimu, “nawe usingependa kufungwa.”

Pingamizi hilo tunalipata kwa sura ya shuleni: mwanafunzi aliyekamatwa akiibia mtihani anamuuliza mwalimu kama yeye angependa kuripotiwa. Mwalimu asibabaike. Kanuni haimtazami aliyekamatwa peke yake. Inamtaka kila mmoja ajiweke pia mahali pa waliokesha wakisoma, ambao alama zao zinapunguzwa thamani.

Kuweka maneno haya ukurasa mmoja hakumaanishi kwamba dini zote ni sawa, na kipeperushi hakisemi hivyo. Hata Azimio la Maadili ya Ulimwengu la Chicago, 1993, lililoandaliwa na Hans Küng na kutiwa saini na viongozi wa dini nyingi, liliitaja kanuni hii bila kumtaka yeyote aache imani yake.

Shule, msikiti au kanisa linalotaka kuchapa bango lake kwa nembo ya kampeni lilete maombi kwa maandishi, pamoja na nakala ya ukurasa wenye nukuu, ukiwa na angalau aya moja kabla na moja baada. Kwa Biblia, taja tafsiri na mwaka wa chapa. Kwa Hadithi, taja mpokezi, kitabu, namba na chapa, kwa sababu namba hutofautiana kati ya chapa na chapa. Nukuu isiyotaja mahali ilipotolewa hurudishwa bila kusomwa, hata iwe nzuri vipi. Ikirudishwa mara ya pili, ruhusa ya nembo husitishwa mpaka maombi mapya yaletwe. Anayechora au kuandika juu ya mabango kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za wengine ajue kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 129, inaweka kifungo cha hadi mwaka mmoja. Kifungu hicho kinahusu kusudi, hivyo mwalimu anayefundisha kwa heshima asiogope kulinganisha maandiko.

Ukurasa wenyewe utabaki ulivyo. Mwenye andiko la zamani zaidi, au tafsiri iliyo sahihi kuliko tuliyotumia, alilete kwa utaratibu huohuo, nalo litasomwa na wataalamu wa dini husika kabla ya chapa ijayo.